Taa za nyuma kwenye ukungu wa Ngorongoro

Kutoka Karatu mjini hadi lango la Lodoare ni lami, na watoto hulala. Baada ya lango lami inaisha. Barabara ya udongo mwekundu inaanza kupanda ndani ya msitu, na watoto huamshwa na mtikisiko. Upande mmoja kuna kingo za udongo zenye mizizi inayoning'inia, upande wa pili ni bonde lililojaa miti. Ukingo wa kreta uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na ukungu wa huko hauna hodi. Mtu anaweza kuondoka Karatu kukiwa na jua, akafika juu asione mbali zaidi ya boneti ya gari lake.

Hapo dereva hafuati tena barabara, anafuata taa mbili nyekundu za gari lililo mbele. Zake mwenyewe hawezi kuziona. Ndani ya gari lile hakuna anayejua kama zinawaka.

Mama mmoja wa Karatu alilijua hilo likizo ya Juni. Land Cruiser yake ya zamani ni gari la kazi: siku za wiki hubeba vitunguu kutoka Mang'ola, mwisho wa wiki hubeba watoto watatu, ambao hukaa kwenye mabenchi ya nyuma kabisa, mgongo karibu na mlango. Jioni hiyo walikuwa wakirudi kutoka ukingoni, wakiwahi lango kabla halijafungwa saa 12. Gari la watalii lililokuwa nyuma likamwashia taa mara tatu. Alidhani lina haraka, akalipisha, lakini halikupita.

Walipofika getini dereva wake akashuka.

"Pole na safari, mama. Ukikanyaga breki taa zako zinafifia badala ya kuongezeka. Pale kwenye kona nilikuta umeshasimama, mimi bado nakuja."

Mama akageuka kutazama benchi la nyuma. Kitinda mimba alikuwa amelala, kichwa amekiegemeza mlangoni.

Kesho yake alinunua balbu mbili mpya. Hali ikabaki ileile, jambo linalowapata wengi, kwa sababu balbu ndiyo hulaumiwa kwanza. Fundi umeme wa gereji alikanyaga breki mara moja, akawasha indiketa, akaona taa nyingine nazo zinapepesa pamoja nayo.

"Mama, balbu hazina kosa. Ethi imekufa."

Umeme wa gari hutoka kwenye betri kwa waya, ukapita kwenye taa, kisha ukarudi kupitia bodi ya gari. Njia ya kurudi ndiyo ethi. Ikishika kutu, umeme hutafuta upenyo kupitia balbu ya jirani, ndiyo maana taa hufifia au zinapepesa zisipotakiwa. Kwenye magari mengi ya Toyota waya huo ni mweupe wenye mstari mweusi, umefungwa kwa skrubu kwenye bodi. Fundi aliufungua, akausugua kwa msasa yeye na chuma chake mpaka vikang'aa, akafunga tena na kupaka grisi. Kazi yenyewe haikufika nusu saa.

Lawama nyingi ni za barabara ya Mang'ola. Vumbi lake laini kama unga hupenya kwenye kioo cha taa ambacho mpira wake umechoka, kisha maji ya kuoshea gari hulifanya tope ndani ya soketi. Mawimbi ya barabara hukata nyuzi za balbu. Balbu ya nyuma ina nyuzi mbili, moja ya wati 5 ya kutembelea usiku na nyingine ya wati 21 ya breki, kwa hiyo moja inaweza kukatika nyingine ikabaki hai na kumdanganya mwenye gari. Vijino vyake viwili haviko urefu mmoja. Ikigoma kuingia, izungushwe nusu mzunguko. Kuilazimisha ni kuharibu soketi.

Taa ya breki ikizima upande mmoja, kosa liko kwenye balbu, soketi au waya wa upande huo. Zikizima zote mbili, fyuzi iangaliwe kwanza, kisha swichi ndogo iliyo juu ya pedeli ya breki. Indiketa ikipepesa kwa kasi isiyo ya kawaida, mara nyingi balbu moja ya upande huo imekufa. Ila fyuzi inayokatika kila siku isibadilishwe kwa kubwa zaidi, wala kufungwa waya, kama wengine wanavyofanya kwa kiburi. Kitakachoungua safari ijayo ni waya zenyewe, na watoto wamekaa juu yake.

Sasa ukaguzi nyumbani kwa yule mama ni kazi ya binti yake wa miaka kumi. Jioni ya kuamkia safari gari huegeshwa kinyumenyume karibu na ukuta, injini imezimwa, breki ya mkono imevutwa. Binti husimama pembeni, kamwe si nyuma ya gari, akiutazama ukuta.

"Breki!"

"Nimekanyaga."

"Zote mbili, mama. Kulia!"

"Haya."

"Inapepesa. Kushoto!"

Kisha hufuta vioo kwa kitambaa chenye maji, kwa maana taa nzima iliyofunikwa vumbi haimsaidii anayekuja nyuma. Balbu za akiba na bisibisi vinakaa kwenye kopo la maziwa chini ya kiti.

Safari iliyopita breki ya kulia haikuonekana ukutani. Mama alitoa kopo, mdogo akashika tochi, na chai ikanywewa wamesimama, vikombe vikiwa juu ya bampa.