Mashimo Yanayodai Miti

Atembeaye katika vichochoro vya Mji Mkongwe, Unguja, huvutiwa na milango ya nakshi. Ni nadra akumbuke ulikotoka ukuta. Majumba hayo yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kwa kuni, na dari zake zikabebwa na boriti za mikoko. Kila nyumba, basi, iliacha pengo mahali fulani.

Mapengo hayo yanaongezeka. Ukitoka mjini kuelekea mashamba, utakuta machimbo ya mchanga na mawe yaliyoachwa bila udongo wa juu, hata mhogo hauwezi kumea. Na kisiwa hakina ardhi ya akiba.

Je, jeraha la namna hiyo hupona? Kaskazini yetu, huko Bamburi, Mombasa, lilipona. Kiwanda cha saruji kilikuwa kimeacha jangwa la matumbawe. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kujaribu aina 26 za miti. Ni 3 tu zilizosalimika, na uliositawi ni mvinje. Majani yake yalianguka bila kuoza, hadi walipoletwa majongoo kuyala, na kinyesi chao kikarutubisha udongo. Mahali hapo pakawa msitu wenye twiga na viboko.

Mvinje si mgeni Unguja, na majongoo tunawakanyaga kila masika. Kilichobaki ni mchimbaji kutambua kwamba kazi yake haiishi gari linapojaa. Huisha kivuli kinaporejea.