Mbegu Mia Moja Katika Kitambaa

Nilizaliwa Bukavu, nikakulia kwenye mteremko wa Kadutu, na mpaka nafikisha miaka 26 sikuwa nimewahi kushuka mlima wa Ngomo. Uwanda wa Ruzizi niliujua kwa vitu vyake tu: mchele, karanga, nyanya, vitunguu, vyote vikipandishwa mjini juu ya magari yaliyojaa tope. Mwezi wa pili mwaka 2019, chama cha ushirika cha wakulima wa Luberizi kilikuwa kinatafuta kijana wa kusindikiza mzigo wa sezoni B, kisha abaki huko aandike daftari la ugawaji. Mjomba wangu alitaja jina langu. Nilikubali siku hiyohiyo.

Mzigo wenyewe naukumbuka kama ulivyoandikwa kwenye karatasi yangu: mifuko 120 ya mbegu za mahindi, kila mmoja kilo 10, mifuko 40 ya NPK na 20 ya yurea, kila mmoja kilo 50, pampu 15 za kupulizia dawa, motopompe 2. Kwa kipimo cha kilo 25 kwa hekta, mahindi yale yalitosha hekta 48. Wakati ule sikujua kuwaza kwa hekta. Niliona mifuko tu, nikaihesabu mara mbili, dereva akafunga turubai, tukatoka kwa upande wa Panzi saa saba mchana.

Kutoka Bukavu mpaka Uvira ni kama kilomita 130, na asiyeijua njia atadhani ni safari ya nusu siku. Lakini Bukavu iko juu, kando ya ziwa Kivu lililo karibu mita 1,460 kutoka usawa wa bahari, na uwanda uko chini sana, unaelekea Tanganyika. Baina yao ndiyo Ngomo, mlima ambao barabara inaushuka kwa kujikunjakunja, jabali upande mmoja na shimo upande wa pili. Wenye karatasi na nauli hupitia Rwanda, watokee Bugarama, kuikwepa. Gari la mizigo halina njia hiyo ya nafuu. Tulipita Nyangezi na migomba yake kukiwa na mawingu. Tulipoanza kushuka, mvua ikafunguka, na mbele yetu lori lilikuwa limekwama katikati ya kona. Tukalala hapo.

Nililala ndani, karibu na dereva. Usiku upepo ulilegeza kamba ya turubai upande wa nyuma. Nilisikia kitu kikipigapiga, nikasema moyoni ni mvua. Kulipokucha turubai lilikuwa limekunjika kama blanketi la mtoto, na mifuko ya nyuma ilikuwa imelowa. Niliivuta kamba, nikaifunga upya, wala sikumwambia mtu.

Kamanyola ilitupokea kwa joto. Nilivua koti, nikavua sweta, na bado jasho lilitiririka. Mashariki kuna mto Ruzizi, ng'ambo yake Rwanda na Burundi zinapakana. Magharibi milima ya Mitumba imesimama kama ukuta. Katikati ni tambarare, kitu ambacho macho ya mtu wa Bukavu hayakizoei: shamba lililolala, lisiloning'inia. Luvungi, kisha Bwegera. Kila bariyeri ilikuwa na kamba yake na mkono wake ulionyooshwa, na kila noti iliyotoka mfukoni mwa dereva niliiandika, kwa sababu niliagizwa niandike. Jioni nilipozijumlisha nilielewa kwamba mama anayelima nusu hekta ndiye anayezilipa, ndani ya bei ya mbegu, bila kuwahi kuiona kamba hata moja. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Luberizi ni kijiji kilichoshikana na barabara: daraja juu ya mto wenye jina hilohilo, soko, maduka ya mabati, pikipiki chini ya mwembe. Depo ya chama ilikuwa nyumba ya matofali yenye mlango wa chuma. Mama mwenye funguo, ambaye wote walimwita Mama Depo, alinisalimia kwa mikono miwili, akaniuliza habari za Bukavu na za usingizi wa njiani. Kisha akazunguka nyuma ya gari na kuingiza mkono chini ya turubai.

"Mwanangu, huku kumelowa," akasema.

"Ndiyo, Mama. Ni kosa langu. Kamba ililegea usiku, sikuamka."

Hakunigombeza. Aliita vijana, mifuko 11 ikawekwa peke yake kwenye ubao, na ile 109 upande wa pili. Nami nikatoa daftari langu jipya, tayari kuanza kugawa kesho yake, maana watu walikuwa wamekwisha kukusanyika. Akalifunga daftari kwa kiganja chake.

"Bado. Kwanza tuhesabu."

Misimu miwili nyuma, walinieleza, chama kilinunua mbegu kwa muuzaji mmoja wa mjini, zenye mifuko mizuri na lebo iliyoshonwa. Ziligawanywa siku zilipofika. Zikaota moja moja, kama meno ya mzee. Wanachama walikuwa wamezichukua kwa mkopo, na mkopo wa pembejeo hulipwa kwa mavuno. Walilipaje mavuno ambayo hayakuwapo? Wengine waliuza mbuzi. Wengine waliondoka katika chama, na bado hawajarudi. Tangu hapo mkutano mkuu ulipitisha neno moja: hakuna mfuko unaotoka depo kabla ya kuhesabiwa.

Kuhesabu kwenyewe ni hivi. Agronomu wa chama alichota mbegu kutoka mifuko mingi, juu, katikati na chini, akachanganya, akatoa 100 bila kuchagua. Akazipanga kwa safu kumi juu ya kitambaa cha pamba kilicholowekwa maji, akakikunja, akakiviringisha, akakitia ndani ya ndoo yenye mfuniko usiobana. Kitambaa cha pili alikifanya vilevile kwa mifuko iliyolowa. Kila asubuhi na jioni Mama Depo alivinyunyizia maji kwa vidole. Siku tano. Kifaa chote ni kanga kuukuu na ndoo, na katika safari nzima sikuona kitu kilichonifundisha zaidi ya hapo.

Siku hizo tano sikukaa bure. Niliingia kwenye salongo, kazi ya pamoja, ya kusafisha mfereji wa mpunga, maji mpaka magotini, jembe mkononi, na wazee wakinifundisha kutupa tope upande wa chini ili lisirudi. Kwenye kitalu nilimwona mama mmoja akipima mbegu za mpunga kwa yai: alikoroga chumvi ndani ya maji mpaka yai bichi likaelea, akalitoa, akamwaga mpunga humo. Punje nzito zilizama, mapepe yakaelea, akayaengua kwa ungo. Zilizozama alizisuuza mara tatu, maana chumvi ikibaki huua kile kilichookolewa. Kwa mahindi nilionyeshwa kipimo cha kifuniko cha soda: mbolea ya kifuniko kimoja kwa shimo, udongo kidogo juu yake, ndipo mbegu. Ukimwaga kwa mkono, mfuko wa kilo 50 unaisha kabla ya saa sita na mbegu zinaungua.

Wote walikuwa na hofu ya kuchelewa. Viwavijeshi, wale waliotoka Amerika na kuingia Afrika mwaka 2016, hupenda mahindi machanga. Anayepanda nyuma ya wenzake huwalisha wa kwake na waliotoka kwa jirani. Kila siku ya kungoja vitambaa vile ilikuwa na gharama, na watu waliijua, na bado walingoja. Mzee mmoja alinisimulia kwamba baba yake alilimishwa pamba kwa lazima wakati wa Wabelgiji. Mbegu ilikuja kwa amri, na tarehe ya kupanda ilikuja kwa amri. Leo chama kina sheria yake, ile ya vyama vya ushirika ya OHADA, umoja wa sheria za biashara wa nchi kadhaa za Afrika, iliyopitishwa Desemba 2010, nayo inataka halmashauri ichaguliwe na wanachama wenyewe. Mzee hakuzungumzia vifungu. Alisema tu kwamba sasa wakimwambia angoje, anajua nani kasema na kwa nini, na anaweza kusimama mkutanoni akamuuliza.

Usiku tulikula bugali wa muhogo na sombe na ndagala kutoka Tanganyika. Nililala vibaya, si kwa mbu peke yao.

Asubuhi ya siku ya tano vitambaa vilikunjuliwa mbele ya watu. Cha kwanza: agronomu aligusa kila mbegu kwa kijiti, wakahesabu wote kwa sauti. Mizizi myeupe, imenyooka. 94. Cha pili: 58, na katika hizo nyingi zilikuwa na kimzizi kifupi, kimeinama, ncha yake imeanza kuwa kahawia. Mbegu iliamshwa na maji ya Ngomo, ikakauka juani Kamanyola, ikachoka kabla ya kufika shambani.

Niliuliza kama haziwezi kupandwa tatu tatu kwa shimo. Agronomu akajibu kwa upole kwamba shamba litatoka na mapengo, na utakaporudishia, mche wa pili utakua kivulini mwa wa kwanza, na mvua ya Machi haiji mara mbili. Nikauliza kama haziwezi kusagwa. Hapo Mama Depo akanionyesha rangi ya waridi kwenye kiganja chake: mbegu hizo zimepakwa dawa. Ni sumu. Kilo 110 za mahindi, katika kijiji ambacho miezi hiyo akiba huwa imeisha majumbani, na hakuna atakayezila.

Tulichimba shimo nyuma ya depo, mbali na kisima, kina cha kimo changu. Nilichimba mimi na vijana wawili. Mama Depo alisimama hapo tangu mfuko wa kwanza mpaka koleo la mwisho, akiwazuia watoto, akiokota kila punje iliyoanguka pembeni. Halmashauri iliandika hasara kwa jina la chama. Niliomba nusu ya ujira wangu iingizwe humo, wakanikubalia bila maneno mengi. Halafu walikaa na orodha hadi alasiri: badala ya kumwacha mtu yeyote, walipunguza kidogo kwa kila mmoja, na wenye mashamba ya mfereji, ambao wangeweza kupanda mpunga, walipunguziwa zaidi.

Kesho yake mlango wa chuma ulifunguliwa alfajiri. Wa kwanza kwenye mstari alikuwa mama mwenye mtoto mgongoni, nusu hekta, nyuma ya Bwegera. Niliandika jina lake, kilo za mbegu, mfuko mmoja wa NPK, tarehe ya kurudisha baada ya mavuno. Alipewa karatasi, hakuisoma. Akaniuliza:

"Zilihesabiwa?"

"Ndiyo, Mama. 94."

Akaweka kidole gumba penye jina lake, akainua mfuko kichwani, na kuelekea barabarani. Juu ya Mitumba wingu lilikuwa limeanza kushuka. Niligeuza ukurasa, nikamwita wa pili.