Mkeka wa Majirani

Mkeka wa kwetu Kwale hausukwi mzima kama wengi wa bara wanavyodhani. Kwanza milala huchanwa na kuanikwa, mingine huchemshwa na rangi. Kisha husukwa ukili, yaani ukanda mrefu, mwembamba, unaopimwa kwa pima. Kili hizo ndizo zinazoshonwa ubavu kwa ubavu hata mkeka ukakamilika. Kazi hii ina faida moja: mtu anaweza kusuka peke yake mlangoni pake. Faida hiyo tuliijua mwaka wa 2020.

Shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi. Tarehe 8 Aprili kaunti yetu nayo ikafungwa, hakuna kutoka wala kuingia, na saa moja jioni kila mtu awe ndani. Mazishi yakawa ya watu wachache tu. Siku hizo ndipo jirani yetu alipofiwa na mumewe (maradhi ya sukari, si korona, ingawa midomo ya watu haina pazia). Matanga ya kwetu unayajua: wanawake hujaa nyumba nzima, wakapika, wakalia, wakalala hapo hapo. Safari hii, kimya. Mama wa watu akaanza eda, miezi minne na siku kumi, na dada zake wako Mombasa, ng'ambo ya kivuko cha Likoni, hawawezi kuja.

Bibi yangu ndiye aliyeanza. "Kama hatuwezi kukaa naye matangani, basi tumsukie."

Kila nyumba ikashika ukili wake. Mimi, mtoto wa darasa la sita, nikawa tarishi. Asubuhi napeleka milala, jioni narudi na ukili, barakoa puani. Wenzangu walinicheka eti kazi ya kike. Wacheke! Habari zote za mtaa nilikuwa nazo mimi: nani anakohoa, nani hana unga, nani kuku wake anataga. Nikimwambia Bibi, kesho yake juu ya milala kuna kibaba cha unga.

Kili zilitimia kumi na moja na hazikufanana hata kidogo. Nyekundu ya huyu imekolea, ya yule imepauka. Mmoja amesuka kwa kubana, mwingine legelege. Shangazi alitaka zile mbaya zifumuliwe. Bibi akakataa katakata, akazishona hivyo hivyo, na mimi naona alifanya vyema. Mkeka wa dukani ungependeza zaidi, lakini ungemwambia nini yule mama?

Nilipoupeleka, niliuweka kizingitini nikarudi nyuma. Mama akaukunjua, akapiga magoti, akapitisha kidole juu ya ukili mmoja mmoja. "Huyu ni wa kisimani. Huyu muuza mahamri. Huyu bibi yako, mkono wake bado mzito." Hakukosea hata mmoja. Alipofika ule wa mwisho akakaa juu ya mkeka, akalia kwa sauti, mara ya kwanza tuliyomsikia tangu mazishi. Nyumba ya pili wakamsikia, wakaitikia.