Shangazi wa Kamina

Mama hakujua Kifaransa, na filamu zote zilizofika mjini kwetu Tenke, Katanga, zilisema Kifaransa. Kwa hiyo kila Jumamosi jioni nyumbani kwa jirani alikaa pale pale: kizingitini, mgongo kwenye fremu ya mlango, bakuli la karanga mapajani, akimsikiliza mwenye video akitafsiri zaidi kuliko alivyoitazama televisheni. Watu wakicheka kabla yeye hajaelewa, aliuliza kwa sauti: "Baba, amesema nini?"

Huyo aliyemwita Baba ndiye jirani mwenye video, mfanyakazi wa reli, mtu wa Kasai. Tenke ulikuwa mji wa reli kabla watu hawajaujua kwa shaba na kobalti. Hapo njia inayotoka Lubumbashi na Likasi inagawanyika: moja inapanda Kamina hadi Kasai, nyingine inakwenda Kolwezi na Dilolo, na tangu 1931 iliendelea ndani ya Angola hadi bandari ya Lobito, mpaka vita vya 1975 vilipoikata. Vitu vya mbali vilitufikia mikononi mwa watu wa reli, na jirani yetu ndiye aliyeleta deki ya video katika mtaa wetu. Watoto tulilipa kwa ndoo ya maji, au kwa kumfagilia uwanja.

Tulichopenda kuliko vyote ni filamu za Waitaliano wawili, Bud Spencer na Terence Hill. Mmoja mnene mwenye ndevu, ngumi yake inashuka juu ya utosi wa mtu kama mchi. Mwenzake mwembamba, macho ya buluu, mvivu, mjanja. Watoto wa Kongo tunajua kwamba kila filamu ina akta, yaani shujaa, na shefu bandi, mkuu wa majambazi, na akta hafi. Hawa walikuwa akta wawili kwa mpigo, na filamu zao hazikuwa na damu nyingi. Bibi aliweza kukaa na mjukuu wake akatazama bila kumfunika macho.

Jirani hakuwaita kwa majina yao. Mnene alikuwa Yaya, yaani mkubwa wetu, na mwembamba alikuwa Kadogo, yaani mdogo. Tafsiri zake zilikuwa ndefu kuliko maneno yenyewe. Katika *Trinita* ya 1970 kuna mahali Terence Hill anafika kwenye nyumba ya chakula akiwa na vumbi mwili mzima, anawekewa sufuria ya maharagwe, naye anaimaliza yote. Kijiko kinapanda na kushuka, mashavu yamejaa, mwishoni anachukua mkate na kufuta mchuzi pembeni mwa sufuria, taratibu, mpaka chuma kinang'aa. Pale hakuna maneno mengi. Jirani aliyajaza mwenyewe: Kadogo ametoka Kamina, shangazi yake alimnyima bukari, ugali wetu, siku tatu, akamwambia asiyefanya kazi asile, na sasa anakula ya jana, ya leo na ya kesho. Mama alicheka mpaka machozi yakamtoka, akafuta kwa ncha ya kitenge. Toka siku hiyo shangazi wa Kamina aliingia katika kila filamu. Ndiye aliyewafundisha kupigana. Ndiye aliyeficha ufunguo wa gari. Mimi nilikuwa nimeshakua kidogo, nasoma Kifaransa shuleni, ndipo nikagundua kwamba shangazi hayumo. Sikumwambia mama.

Kisha ikaja miaka ya 1992 na 1993. Watu wa Kasai waliozaliwa hapa Katanga, wengine na wazazi wao pia, waliambiwa warudi kwao. Likasi na Kolwezi maelfu walilala stesheni wiki kwa wiki wakingoja treni, na watu walikufa kwa kungoja. Treni hizo zilipita kwetu kuelekea Kamina. Jirani aliuza televisheni kwa bei ya kutupa, deki akaifunga katika shuka, akaibeba kichwani mwenyewe. Mama alimpikia mke wa jirani bukari na samaki wa chumvi vya njiani, akapeleka jioni kwa mlango wa nyuma, maana siku zile hata sahani ya chakula iliweza kukuletea maneno. Najua mama alifanya alichoweza. Najua pia kwamba sisi majirani wote tulibaki, na nyumba ile ikapata wenyewe wengine kabla mwezi haujaisha.

Miaka minne mtaa haukuwa na video. Noeli ya 1997, nchi ikiwa imeacha kuitwa Zaire tangu Mei, kijana mmoja alifungua ukumbi wa mabati karibu na soko, akaandika kwa mkaa ubaoni: *Petit Papa Baston*. Bud Spencer na Terence Hill, wapya! Tulikuwa hatujui kwamba filamu ilikuwa ya 1994, wala kwamba kabla yake walikaa karibu miaka tisa bila kucheza pamoja, wala kwamba ndiyo ingekuwa ya mwisho. Mama alivaa kitenge cha kanisani. Alikuwa anakwenda kuwaona watu wake.

Terence Hill aliiongoza mwenyewe. Ni hadithi ya mama mzee anayemtuma mwana mmoja akamlete mwenzake nyumbani kwa Noeli, ndugu ambao hawaelewani. Nikiifikiria leo naona hadithi yenyewe ilikuwa nzuri. Lakini filamu inakwenda polepole, watoto ni wengi kuliko ngumi, na ngumi zenyewe zinachelewa. Bud Spencer alikuwa na miaka karibu 65. Anainua mkono, nawe unauona uzito wa mkono ule. Ukumbi ulianza kunong'ona, vijana wakapiga miluzi.

Mama aliuliza: "Baba, amesema nini?"

Kijana hakugeuka. "Mama, utazame tu."

Alitazama kidogo, akainuka, akapita mbele za watu akiinamisha kichwa kwa adabu, akatoka. Nilimkuta nyumbani akichambua mchele. "Wamezeeka," alisema, basi. Hakuingia tena ukumbi wa video.

Yaliyofuata yalikuja mbio. Diski moja ikabeba filamu kumi, mgodi mkubwa wa Tenke-Fungurume ukaanza kuzalisha mwaka 2009, wageni wakajaa, malori yakajaa, ukumbi wa mabati ukawa duka la simu. Mimi nilihamia Kolwezi nikaja na mama, macho yake sasa hayaoni vizuri. Bud Spencer alifariki Juni 2016; niliisoma habari hiyo kwenye simu ndani ya basi, na moyo wangu ukawa mzito kama wa aliyefiwa na jirani.

Mwaka 2022 Waitaliano waliitengeneza upya *Attention, on va s'fâcher!* ya 1974, filamu ya Yaya na Kadogo, ile ya gari dogo jekundu lenye paa la njano. Niliwaita wanangu tukaitazama kwenye simu. Gari lipo, ndugu wawili wapo, rangi zinameremeta, ila waigizaji ni wengine na kila ngumi wanaigiza ya wenzao. Mwanangu mkubwa alicheka mara mbili. Wa pili aliomba simu acheze mchezo. Nilikuwa nanyosha kidole niizime.

Mama, aliyekuwa amelala chumba cha pili na mlango wazi, alisikia makofi na vishindo.

"Ni Yaya na Kadogo hao?"

"Ni wengine, mama. Vijana."

Akakaa kimya. Kisha: "Amesema nini?"

Niliongeza sauti, nikavuta kiti hadi kwenye kizingiti cha chumba chake. Nikamwambia Kadogo analilia gari lake jekundu, majambazi wamelivunja, na Yaya amekasirika kwa sababu ndani ya lile gari kulikuwa na bukari ya safari. Wanangu waligeuka kunitazama, kisha wakasogea.

"Na yule shangazi wa Kamina," mama aliuliza, "bado yuko?"