Nilidanganya Kilo Zangu



Juma lililopita mama mmoja wa chama chetu aliniuliza kama ndege ndogo za kwenda Kalemie ni za kuaminiwa, maana anataka kumpeleka mtoto kwa bibi yake. Sikumjibu pale pale. Jibu langu ni refu, tena lina aibu yangu ndani yake.

Ilikuwa mwezi wa pili, katikati ya mvua. Mdogo wangu alipiga simu toka Kalemie: mama amelala siku tatu, hali chakula, anaita jina langu. Kwa treni au kwa barabara ningechukua siku ambazo sikuwa nazo. Mlio katika likelemba yetu mnakumbuka, mlinipa zamu yangu mapema. Kesho yake nilikuwa uwanja wa Luano na tiketi ya ndege ya injini moja, yenye nafasi za abiria kumi.

Kwenye karatasi waliuliza uzito wa mwili. Niliandika 70. Wamama, mnaniona, hesabu hiyo niliiacha kabla ya mtoto wa pili. Begi langu lilikuwa na kilo 15 zilizoruhusiwa. Lakini chini ya koti nilijifunga vitenge viwili, na katika mkoba wa begani nilificha unga wa bukari, sukari na dawa za mama. Sikuona kosa. Nani kati yetu hajafanya hivyo?

Rubani alikuja mwenyewe na mizani, ile ya kupimia magunia. Akatuomba tupande mmoja mmoja, mkoba begani. Mshale wangu ulifika 93. Hakusema kwa sauti, aliandika tu. Alipomaliza wote alijumlisha, akatoa mizigo mitatu, na begi langu likiwa mmojawapo. Nilikuwa bado nanung'unika aliposoma simu yake, akatazama upande wa kaskazini na kusema:

“Wamama na wapapa, leo hatuendi. Kuko mvua mubaya mu njia.”

Hapo Luano jua lilikuwa linawaka. Nilimfuata mpaka kwenye bawa la ndege. “Komanda, mama yangu anakufa. Unaogopa nini?”

“Ninaogopa ile mvua, mama. Kesho asubuhi, kama mbingu ni safi, utapanda wa kwanza.”

Nilimwita mwoga mbele ya watu. Abiria wengine waliniunga mkono. Mzee mmoja alitoa hata franka mfukoni ili amlainishe. Rubani alifunga mlango wa ndege, akaondoka.

Usiku ule, saa nane, mdogo wangu alipiga simu tena. Mama alikuwa amekwisha kuondoka.

Asubuhi tulipaa. Rubani alikuwa amesikia msiba wangu, akanipa pole na kuniketisha nyuma yake. Sikumjibu. Tulipofika Kalemie alinibebea begi hadi kivulini, na hapo ndipo alinieleza, pole pole, bila kujitetea.

Alisema Luano iko karibu mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Mahali pa juu hewa ni nyepesi, na jua likipanda hewa inakuwa nyepesi zaidi. Bawa linakosa cha kushika, basi ndege inakimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka. Kilo zilizofichwa zinakula urefu wa njia ambao rubani anadhani bado anao. Tena si uzito tu, ni mahali ulipokaa: mzigo mwingi nyuma unainua pua ya ndege, na rubani anaweza kushindwa kuirudisha. Na ndani ya wingu la radi upepo unapanda na kushuka kwa nguvu ambayo ndege ndogo haiwezi kushindana nayo.

Mimi nilisoma ISP. Nimewafundisha watoto ubao wa mizani kwa mawe na kijiti. Sikuwahi kufikiri kwamba na mimi ni jiwe.

Nchi yetu imekwisha kulipa masomo haya. Tarehe 8 Januari 1996, huko Kinshasa, Antonov 32 iliyobeba kupita kiasi ilishindwa kupaa toka uwanja wa Ndolo, ikaingia katika soko la Simbazikita. Watu zaidi ya 200 walikufa, wengi wao wamama waliokuwa wanauza, na watoto. Hawakuwa na tiketi yoyote. Tarehe 25 Agosti 2010, Let 410 ilianguka karibu na uwanja wa Bandundu ikiwa na watu 21, wakafa 20. Yule mmoja aliyepona alisimulia kwamba mamba aliyefichwa katika begi la abiria alitoka, watu wakakimbilia mbele kwa hofu, na ndege ikapoteza usawa. Begi moja la siri.

Niliporudi kazini niliwapa wanafunzi wa mwaka wa sita hesabu hii: abiria 10, kila mmoja anaficha kilo 23, ndege imebeba kilo ngapi zisizoandikwa? Walipata 230. Msichana mmoja akasema: “Madame, ni kama watu watatu wamejificha mu ndeke.”

Basi, mama uliyeniuliza, jibu langu ni hili. Tazama kama wanapima watu na mizigo. Wasipopima, ogopa. Sema uzito wako wa kweli, pamoja na mkoba. Usibebe mafuta, makaa, gazi wala mnyama kwa siri. Ukirudi na ndagala, lipia kilo zake au ziache. Kaa pale unapoambiwa kukaa, usihame kumfuata rafiki. Na rubani akisema hatuendi, nyamaza, rudi nyumbani. Ana sauti nyingi masikioni: ya mwenye ndege, ya mwenye mizigo, na yetu. Ya kwetu tunaweza kuiondoa.

Sitajua kamwe kama siku ile tungeanguka. Kuna usiku ninawaza kwamba labda tungefika salama, na ningemshika mama mkono. Wazo hilo haliishi, na sitawadanganya kwamba limeisha. Lakini rubani akikataa vizuri hakuna kinachoonekana: hakuna moshi, hakuna kilio, hakuna anayemshukuru. Nina watoto watatu waliokuwa wananingoja hapa Lubumbashi. Wamenipata.

Yule rubani sijamwona tena. Nikimwona, nitampa ile asante niliyomnyima Kalemie.

Mwalimu wenu