Vijiti Vimejaa, Anwani Hakuna

Mdogo wangu mpenzi,

Nakuandikia kutoka Kingsbury, kaskazini-magharibi ya London. Mimi mzima, ila baridi hainionei huruma. Ukishuka treni ya Jubilee na kutokeza Kingsbury Road, utajihisi uko Biashara Street: maduka ya sari, maembe kwenye maboksi, muhogo wa kukaanga na pilipili yake. Wagujarati wengi wa hapa walitokea Kenya, Uganda na Tanzania. Mama mwenye nyumba wangu ni mzaliwa wa Mombasa, na Kiswahili chake hakijachuja hata kidogo. “Karibu mwanangu, chai iko tayari,” ndivyo alivyonipokea mlangoni.

Nyumba yake ni ya matofali, ya miaka ile ya 1930 kituo cha treni kilipofunguliwa na mitaa ikajengwa kukizunguka. Ruta iko sebuleni, chumba changu kiko juu upande wa nyuma, na katikati, kwenye ngazi, wamechomeka ripita. Basi huko chumbani vijiti vya Wi-Fi vinajaa vyote, lakini hakuna ukurasa unaofunguka. Mpangaji aliyenitangulia alikuwa akifanyia kazi sebuleni, kompyuta mapajani. Yule mama alishafikiria kununua ruta mpya.

Nilipotazama kompyuta yangu, anwani ya IP ilianza na 169.254. Wewe fundi unaijua: hiyo haikutolewa na ruta, kompyuta hujipa yenyewe ikiomba isijibiwe. Nikateremka sebuleni nikajiunga na ruta moja kwa moja, ikanipa 192.168.1.37 papo hapo. Kwa hiyo anwani hazijaisha. Nikarudi juu, nikajiunga na ripita na kuandika anwani kwa mkono, iliyo nje ya fungu ambalo ruta hugawa, na geti 192.168.1.1. Kurasa zikafunguka! Njia ilikuwa nzima. Kilichokwama ni ugawaji wa anwani, yaani DHCP, peke yake.

Ripita nyingi za bei nafuu hujiunga na ruta kama simu ya kawaida, kwa hiyo hewani ruta inaitambua anwani ya MAC ya ripita tu. Jibu likielekezwa kwa MAC ya kompyuta iliyo nyuma yake, ruta haina pa kulipeleka, inalitupa. Ni kama zile barua zetu zilizokuwa zikipitia sanduku la posta la shule: pasipo namba ya sanduku, posta hawana pa kuziweka. Ripita iliyotengenezwa vizuri hulirekebisha ombi njiani ili ruta itangaze jibu kwa wote, kisha yenyewe hulifikisha kwa mwenyewe. Hii ya kwenye ngazi ilikuwa na programu ya zamani. Nikaisasisha, nikahakikisha ugawaji wa anwani wa ripita yenyewe umezimwa, maana wagawaji wawili katika nyumba moja ni vurugu tupu, kisha nikaiwasha upya. Kompyuta ikapata anwani yake bila kuandikiwa, na simu ya mama vilevile.

Jioni nikatembea hadi Roe Green Park. Hapo Kingsbury Manor ndipo John Logie Baird alipofanyia majaribio ya televisheni, na mwaka 1929 matangazo kutoka Berlin yalinaswa hapo. Nilifurahi mno kufika. Watu wa fani yetu wangepaswa kupajua mahali hapa kama wanavyojua viwanja vya mpira.

Sasa wale wateja wako wa viti vya nyuma pale Kongowea, wanaotumia ripita na kulalamika kila Jumamosi kwamba kurasa hazifunguki: kabla hujanunua ruta nyingine, waandikie anwani kwa mkono ujaribu. Ikikubali, na ruta yenyewe ikigawa anwani bila kupitia ripita, tatizo ni ripita, pesa yako ibaki mfukoni. Ukimaliza, irudishe kila kompyuta kwenye kupokea anwani yenyewe, vifaa viwili visije vikagongana kwa anwani moja. Uniandikie umeona nini.

Msalimie mama na watoto.

Kaka yako