Tairi la Theluji Katika Matope ya Magu

Ukitoka Mwanza kwa barabara ya Musoma, unapita Igoma, Kisesa na Nyanguge, na baada ya mwendo wa kilometa kama 60 hivi unaingia Magu mjini. Njia nzima ni lami. Mkono wa kushoto Ghuba ya Speke inajitokeza na kujificha. Mkono wa kulia kuna vilima vya mawe yaliyopandana na, mvua zikiwa nzuri, majaruba ya mpunga yanayong'aa kwa maji. Pale Kisesa wageni wengi huchepuka kwenda Bujora kuona makumbusho ya Wasukuma. Mama aliyekaa dirishani na mtoto mapajani anaweza kufika Magu akadhani kwamba huku hakuna taabu ya safari.

Taabu huanza pale unapoiacha lami na kuingia ndani, kwa wakwe, kwa wazazi au kwenye msiba. Wasukuma wana majina ya udongo wao tangu zamani. Juu, karibu na vilima, kuna luseni, udongo wa kichanga ambao maji hupita upesi. Chini, bondeni, kuna mbuga, ule mfinyanzi mweusi. Wakati wa kiangazi mbuga hupasuka nyufa ambazo mguu wa ndama huweza kuzama. Mvua ikinyesha, udongo huo huo hunywa maji, huvimba, na huwa kama unga uliokandwa. Njia moja ya kijijini inaweza kukupitisha kwenye luseni kavu na mbuga iliyolowa ndani ya nusu saa. Vuli huanza Oktoba au Novemba, masika hushika kati ya Machi na Mei. Waliosafiri wakati wa mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 hawahitaji kusimuliwa.

Kwenye mbuga tairi la kawaida halishindwi kwa sababu gari halina nguvu. Linashindwa kwa sababu mfinyanzi hujaa kwenye kashata zake, na baada ya mizunguko michache tairi jipya kabisa huwa kipara. Dereva akizidi kukanyaga mafuta, magurudumu huchimba kaburi lake. Ndiyo maana madereva wa njia za matope hubeba cheni.

Nilipata kuona zikifungwa, mwezi wa Aprili, katika Land Cruiser ya abiria iliyokuwa ikitoka Magu kwenda vijijini. Dereva alisimama kabla ya mbuga, si baada ya kukwama, na hilo peke yake lilinifanya nimwamini. Utingo alizitandaza cheni mbili juu ya magurudumu yanayosukuma gari, akazipitisha nyuma, akafunga ndoano. Gari likasogea hatua chache, likasimama, akazikaza tena, maana cheni iliyolegea huchapa bodi na inaweza kukata bomba la breki. Mama mmoja mtu mzima alishuka na wajukuu wake wawili. "Mwanangu," akamwambia dereva, "sisi tutavuka kwa miguu, wewe peleka magunia." Dereva akacheka. "Haya mama, tangulieni." Sisi wengine tukamfuata, viatu mkononi. Tulipofika ng'ambo penye changarawe ngumu, cheni zikafunguliwa papo hapo, kwa sababu kwenye njia ngumu hula tairi na hukatika.

Kifaa hiki tangu mwanzo kilikuwa cha matope na theluji pia. Mmarekani mmoja, Harry Weed, aliwaona madereva wakizungushia kamba kwenye matairi yao ili wasiteleze, akabuni cheni na kuisajili mwaka 1904. Leo katika nchi za milima cheni ni jambo la sheria. Huko Ulaya kuna kibao cha duara la buluu chenye picha ya tairi lililofungwa cheni. Dereva akikiona hana hiari. Ujerumani gari lenye cheni haliruhusiwi kuzidi kilometa 50 kwa saa. Nako Austria, kuanzia tarehe 1 Novemba hadi 15 Aprili, gari dogo likitembea kwenye theluji au barafu lazima liwe na matairi ya baridi yenye kashata zisizopungua milimita 4. Sweden ni kuanzia Desemba hadi mwisho wa Machi, milimita 3. Binti au mwana wetu aliyekwenda kuishi huko hujifunza hesabu hizo katika mwaka wake wa kwanza, la sivyo polisi humfundisha kwa faini.

Utauliza, sheria za theluji zinamhusu nini mama wa Magu? Zinamhusu sana, kwa sababu matairi ya theluji yako hapa.

Magari mengi madogo tunayopanda yametumika kwanza Japani, na Japani ya kaskazini, kama kisiwa cha Hokkaido, ni nchi ya theluji nyingi. Huko wana tairi la baridi lisilo na misumari, ambalo lilienea baada ya sheria ya mwaka 1990 iliyozuia matairi ya misumari, kwa kuwa yalikuwa yakikwangua lami na kujaza vumbi mijini. Likiisha nusu ya kashata zake, alama maalumu hujitokeza kuonyesha kwamba halifai tena kwa theluji. Likija na gari lililotumika, au likiuzwa kama tairi la mtumba, mtu huku huliona bado nene na husema, "Hili ni zima."

Si zima kwa nchi yetu. Mpira wake umechanganywa ubaki laini kwenye baridi ya chini ya nyuzi 7. Magu haijui baridi hiyo, hata usiku wa Julai. Kwenye lami yenye joto tairi hilo hulainika kupita kiasi, huyumba kwenye kona, huisha haraka, na breki zikikanyagwa gari huenda mbali zaidi kabla ya kusimama, hasa lami ikiwa imelowa. Na kwenye mbuga halisaidii pia, kwa kuwa mikato yake ni myembamba kama ya wembe, nayo mfinyanzi huiziba mara moja. Tope letu linataka kashata kubwa zilizoachana.

Kulitambua hakuhitaji ufundi. Tazama ubavuni mwa tairi. Ukiona picha ya mlima wenye vilele vitatu na ua la theluji ndani yake, hilo ni la baridi. Herufi M+S ni za maneno ya Kiingereza yanayomaanisha matope na theluji, na muuzaji atakuonyesha kwa furaha. Lakini hizo hupigwa hata kwenye matairi ya kawaida ya magari ya shamba, basi usizitegemee peke yake. Kisha tafuta neno DOT na tarakimu nne za mwisho. 2319 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kama kuna gari nyumbani, mwambie baba watoto mtazame pamoja jioni moja. Wanaume wengine hawapendi kuulizwa habari za gari, lakini watoto wanaobebwa humo ni wa wote wawili.

Kwenye michomoko, hayo magari madogo ya abiria ya Kanda ya Ziwa, abiria hana muda wa kusoma namba. Hata hivyo macho yanatosha kuona kipara. Ukiliona, subiri gari jingine, hata kama mzigo umeshapakiwa na utingo anakuita shemeji.

Cheni nazo zina mwisho wake. Hazizuii mafuriko. Maji yanayokimbia yenye kina cha sentimeta 30 tu yanaweza kulielea gari dogo, nayo ya sentimeta 60 huyachukua magari mengi, yenye cheni au yasiyo nazo. Penye kivuko kilichofunikwa, kaa ng'ambo mpaka chini paonekane. Kwa mjamzito anayekaa upande wa mbuga, hesabu iwe ya mapema zaidi: kama siku zake zinaangukia Machi hadi Mei, ahamie kwa ndugu karibu na hospitali wiki kadhaa kabla, wakati njia bado inapitika mchana. Uchungu wa usiku haungoji mtu atafute cheni.

Ifikapo Juni mvua hukatika. Mbuga huanza kupasuka tena, pamba huvunwa, na magari hupita kwa vumbi pale pale tulipovua viatu. Utingo huzisugua cheni matope yaliyokauka, huzipaka oili chafu zisipate kutu, na kuzisukuma chini ya kiti cha nyuma, ambako abiria watazikanyaga hadi Oktoba.